Bunduki za wenzo: kila moja hukwama kivyake, na hapo ndipo pa kuchagulia

Kila ikikaribia Novemba, Waswahili tulioko Marekani ambao tumeingia kwenye uwindaji wa kulungu huulizana swali lile lile: bunduki gani ya wenzo haikwami? Hakuna. Marlin hukwama, Winchester hukwama, na zile za Brazili na Italia zinazoigiza za zamani hukwama pia. Zinachotofautiana ni mahali zinapokwamia na kazi ya kuzikwamua. Moja utaifungua pale pale msituni kwa bisibisi, nyingine utashuka nayo mlimani imejifunga na risasi iko ndani. Mimi huangalia hilo kabla ya bei na kabla ya uzuri wa mbao za kitako.

Kwa asiyezijua: hizi ni zile bunduki za Kimarekani zenye kipini cha chuma kinachozingira kifyatuo, na kipini hicho ndicho wenzo. Unakisukuma mbele, ganda tupu linaruka nje. Unakirudisha, risasi mpya inaingia chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hufyatuliwa. Nyingi hubeba risasi kwenye bomba lililolala chini ya mtutu, zimepangwa moja nyuma ya nyingine, na springi inazisukuma kuelekea kwa mpigaji. Kila ukikoki, bomba linatakiwa kuachia risasi moja tu. Risasi hiyo inalala juu ya kinyanyuzi, yaani kipande cha chuma kinachoibeba kutoka usawa wa bomba hadi usawa wa chemba, na ile inayofuata inasubiri. Ikitoka moja na nusu, umekwama. Isipotoka yoyote, umekoki hewa.

Anza na risasi, si jina la kiwanda

Kinyanyuzi kimechongwa kwa urefu fulani wa risasi, na kwa urefu mwingine hakitaki mazungumzo.

Chukua bunduki ya .357 Magnum (namba hizi ni majina ya risasi), ambayo kila muuzaji atakwambia inapiga .38 Special pia. Kwenye rivolva ni kweli tupu. Kwenye bunduki ya wenzo ni kweli yenye masharti. Kwa vipimo vya viwanda, .357 haizidi milimita 40.4 kutoka kitako hadi ncha, na .38 haizidi 39.4. Ukiangalia hizo namba unaona milimita moja tu, jambo dogo. Lakini hicho ni kimo cha juu. Zile .38 za kulengea shabaha, zenye kichwa bapa kilichozamishwa hadi kwenye mdomo wa ganda, zina urefu wa kama milimita 30 tu. Ukiziweka kwenye bunduki iliyotengenezewa 40, nafasi inayobaki mbele yake inajazwa na risasi ya pili, na hapo ndipo mzozo unapoanza.

Umbo la kichwa nalo lina neno. Risasi zenye bega kali, ambapo kichwa hupungua unene ghafla, hugonga ukingo wa chemba na kusimama. Zenye kichwa cha mviringo kilichokatwa bapa kwenye ncha huteleza. Ubapa wa ncha una kazi nyingine pia: ndani ya bomba, ncha ya risasi moja imelalia fataki (kile kidude cha kitakoni kinachogongwa ili kuwasha baruti) ya iliyo mbele yake, na ncha kali ya chuma hapo, pamoja na mtikiso wa mlio, inaweza kulipua bomba lote mkononi mwako. Kampuni ya Hornady ilitoa risasi za LEVERevolution katikati ya miaka ya 2000 zenye ncha laini inayobonyea, na hizo ndizo ncha kali pekee ninazoweza kushauri kwa bomba.

Kisha kuna ganda lenyewe. Ganda lenye shingo, kama la .30-30 au la zamani la .44-40, hujielekeza lenyewe chembani kwa sababu mbele ni jembamba kuliko nyuma. Ganda lililonyooka, kama la .357, .44 Magnum, .45 Colt au .45-70, linahitaji kufika likiwa limeelekea sawasawa. Ajabu ni kwamba .45 Colt, risasi inayohusishwa mno na wachunga ng'ombe wa kofia pana, haikuwahi kutengenezewa Winchester hata moja ya karne ya 19. Ukingo wa ganda lake siku hizo ulikuwa mwembamba mno kwa ukucha wa kulivuta. Bunduki za .45 Colt unazoziona leo ni za zama zetu, na hutupa masizi mengi nyuma kwa kuwa ganda lake halitanuki vizuri kuziba chemba. Aliyenunua .44-40 haoni uchafu huo.

Sheria za jimbo nazo huchagua kwa niaba yako. Ohio, kwa mfano, ukitaka kuwinda kulungu kwa raifo, ganda lazima liwe lililonyooka. Hapo .30-30 imeshatoka mezani.

.30-30: Marlin 336 au Winchester 94

Huu ndio ushindani ambao watu wamebishania miaka mingi, na bado unastahili.

Winchester 94 ni kazi ya mbunifu wa bunduki John Moses Browning, ya mwaka 1894, risasi ya .30-30 ikafuata mwaka 1895. Zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Ukisukuma wenzo wake, sakafu nzima ya chuma inashuka kutoka tumboni mwa bunduki, na juu kuko wazi. Unaona mwanga kutoka juu hadi chini. Maana yake theluji, majani na mchanga huingia, lakini pia hutoka, na risasi iliyopinda ndani unaiona na mara nyingi unaisukuma kwa kidole. Nyembamba, nyepesi, inabebeka siku nzima.

Mahali pake pa kukwamia ni pawili. Kwanza, ganda lake linarukia juu. Mtu akifunga darubini karibu sana na mgongo wa bunduki ya aina hiyo, ganda linagonga chuma na kurudi tumboni. Zilizotoka miaka ya 1980 na baadaye hutupa ganda kwa pembeni kidogo, kwa hiyo kama macho yako yanahitaji darubini, tafuta hizo. Pili, kuna zile za baada ya 1964. Mwaka huo kiwanda kilibana matumizi, na kinyanyuzi kilichokuwa kikichongwa kutoka chuma kizima kikawa cha bamba lililopigwa kwa mashine. Baadaye kilirekebishwa, ila sifa haikurudi, na ndiyo sababu wazee huuliza namba ya bunduki kabla ya kuuliza bei.

Ubaya mkubwa wa 94 ni kuifungua. Kuna pini na skrubu zenye utaratibu wake, na ukikosea utaratibu unakaa na bakuli la vyuma hadi jioni. Kuikwamua juu juu ni rahisi. Kuisafisha kwa ndani si kazi ya mtu mwenye haraka.

Marlin 336, iliyoingia sokoni mwaka 1948, ni kinyume chake. Juu imefungwa kabisa, ganda linatokea kulia, darubini inakaa bila tatizo, mvua haiingii. Na ina zawadi kubwa: skrubu moja ya wenzo. Ukiitoa, wenzo unatoka, bolti (chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) inavutwa kwa nyuma, na unasafisha mtutu kuanzia chembani inavyotakiwa. Angalia tu kirushia ganda, kipande chembamba upande wa kushoto, kwa sababu kikidondokea kwenye majani utakitafuta hadi giza liingie.

Lakini Marlin ina ugonjwa wake unaojulikana kwa jina la kiwanda chenyewe. Kona ya mbele ya wenzo husugua kinyanyuzi kila unapokoki. Kona hiyo ikiwa na makali yaliyoachwa kiwandani, inachimba mtaro kwenye kinyanyuzi. Mtaro ukishakuwa na kina, kinyanyuzi hakipandi kwa wakati wake, risasi ya pili inachungulia kutoka kwenye bomba na kujibana chini yake. Wenzo unagoma nusu njia: hauendi mbele, haurudi nyuma. Ukiulazimisha unazidi kuukaza.

Ikikutokea, elekeza mtutu mahali salama na uache kuvuta. Fungua mlango mdogo wa kujazia ulio ubavuni, chungulia, utaona kitako cha risasi kimetokeza bombani kidogo tu. Kwa kijiti cha mbao kirudishe mbele, ukisukuma ukingo wa kitako na si katikati penye fataki. Kikirudi, wenzo unalegea ghafla. Kisipotaka kurudi, ndipo unapotoa skrubu ya wenzo. Nyumbani, tafuta ile kona, ilainishe kwa jiwe laini la kunolea hadi ukucha wa kidole usishike popote, na kama mtaro umeshachimbika mpelekee fundi abadili kinyanyuzi. Usipige tupa. Tupa hula chuma kuliko unavyotaka.

Mwaka wa kutengenezwa una uzito kwenye Marlin kuliko kwenye bunduki nyingine yoyote hapa. Za zamani kutoka North Haven, Connecticut, zina alama ya JM kwenye mtutu. Remington walinunua kampuni, wakafunga kiwanda hicho mwaka 2011 na kuhamishia kazi Ilion, New York, na za miaka ya mwanzo kutoka huko zilipata sifa mbaya ya vyuma visivyokaa vizuri na kukoki kuzito. Remington walipofilisika mwaka 2020, Ruger wakanunua jina, na za sasa hutengenezwa Mayodan, North Carolina. Hizi za sasa zimenyooka.

Uamuzi wangu kwa .30-30: mwenye kuvaa miwani na kuwinda kwenye mvua achukue Marlin, ama yenye JM ama ya Ruger. Anayetembea sana milimani na kupiga kwa jicho tupu, Winchester 94 ya kabla ya 1964 haijapata mpinzani.

Risasi za bastola: 92, 73, Marlin 1894 au Henry

Hapa ndipo malalamiko ya kukwama hujaa, kwa sababu risasi ni fupi na watu hutia za kila aina.

Winchester 92 ni Browning tena: alipunguza ile 1886 kubwa aliyoibuni kwa risasi kama .45-70. Bolti inafungwa na nguzo mbili za chuma zinazopanda wima, na ni imara kiasi kwamba Rossi wa Brazili wameitumia hata kwa .454 Casull, risasi kali mno ya bastola. Rossi ndiyo ambayo wengi wetu tutaimudu. Nguvu ipo, ulaini haupo. Springi ya kirushia ganda mara nyingi ni kali kupita kiasi, kwa hiyo wenzo unakuwa mzito sentimita za mwisho za kufunga na ganda linarushwa mbali mno. Mlango wa kujazia una makali yanayokula ngozi ya kidole gumba. Ndani, pande mbili, kuna reli zinazoongoza risasi, zimeshikwa na skrubu. Zikilegea, risasi inateleza kando au zinatoka mbili. Kwa hiyo mwenye Rossi aizoee bisibisi inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu. Kuitoa bolti yake ni kazi ndefu, na ikikwama vibaya porini, siku imekwisha.

Marlin 1894 inafunguka kwa skrubu moja kama dada yake 336, na ugonjwa ni ule ule wa kona na kinyanyuzi. Kwenye risasi fupi ugonjwa huo hujionyesha mapema zaidi. Ikiwa imetunzwa, mimi naichukua kabla ya Rossi.

Winchester 94 nazo zimewahi kutolewa kwa .357, .44 na .45 Colt. Sizishauri. Tumbo lake lilipimwa kwa risasi ndefu ya .30-30, na risasi ya bastola inacheza ndani yake.

Halafu kuna Winchester 1873, ambayo leo unainunua mpya kutoka Uberti wa Italia. Kinyanyuzi chake ni tofauti kabisa: bonge la shaba nyeupe au chuma linalopanda wima, na risasi iko ndani yake imelala mlalo wa chemba tangu mwanzo. Haipindi, haipandi kwa pembe, inasukumwa tu mbele. Ndiyo maana kwenye mashindano ya kupiga kwa mtindo wa zama za wachunga ng'ombe, ambako watu hukoki kwa kasi ya kutisha, 73 ndiyo utakayoiona mikononi mwa wanaoshinda. Ubavu wake una mabamba mawili. Toa skrubu moja, matumbo yote yanaonekana.

Ila bonge hilo ni kali kuhusu urefu kuliko zote. Risasi ikiwa fupi, iliyo mbele yake inaingiza kitako ndani ya bonge na bonge haliwezi kupanda. Ikiwa ndefu, pua yake inabaki bombani na matokeo ni yale yale. Pia mfungo wake, viungo viwili vinavyokunjuka na kunyooka, ni dhaifu ukilinganisha na nguzo za 92. Kwa shabaha na risasi za wastani, hakuna tamu kama hiyo. Kwa kulungu ningebaki na 92 au Marlin.

Henry Big Boy inapendwa na wanaoanza, na si bure. Kampuni hii ya Henry ni ya miaka ya 1990, haina undugu na ile Henry ya 1860 zaidi ya jina. Kukoki kwake ni laini toka dukani. Matoleo ya awali hujazwa kwa mbele: unavuta mrija wa shaba kutoka bombani, unatia risasi, unaurudisha na kuuzungusha ufunge. Mrija usipofungwa vizuri unachomoka kidogo, springi inakosa nguvu, na mtu anasema bunduki haili risasi. Matoleo ya karibuni yana mlango wa ubavuni pia. Kumaliza uwindaji, kumwaga risasi zote kupitia mrija bila kuzikoki moja moja ni usalama mkubwa, hasa ukiwa na watoto nyumbani. Ubaya: ni nzito.

Za .22 nizipitie tu. Henry ya .22 hula fupi na ndefu bila kulalamika, na Browning BL-22 ina wenzo unaosogea nyuzi 33 pekee. Zikikwama, tisa kwa kumi ni nta na masizi ya risasi zenyewe. Safisha.

Bomba au kasha

Kuna wenzo zisizo na bomba. Winchester 1895, nayo ya Browning, ilikuwa na kasha lisilotoka, limejengwa chini ya tumbo, linalojazwa kutoka juu. Urusi iliziagiza kwa mamia ya maelfu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwetu ina historia pia: Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, miongoni mwa bunduki zake ilikuwemo 1895 ya kaliba .405, na kwa simba ndiyo aliyoisifu. Uwindaji wenyewe Kenya umepigwa marufuku tangu 1977.

Savage 99 ilitumia ngoma inayozunguka ndani, kila risasi na kitanda chake, ncha isiguse fataki ya mwenzake. Kwa kulisha risasi, ni ufundi ambao bado unanishangaza. Ila haitengenezwi tena, na vipuri ni vya kutafuta.

Ya kununua mpya ni Browning BLR, au Henry Long Ranger. Zote zina kasha linalochomolewa na bolti inayozunguka, inayoendeshwa na meno ya gia, na zinapiga .308 yenye ncha kali hadi mbali ambako .30-30 haifiki. Hakuna kinyanyuzi, hakuna risasi ya pili inayochungulia. Kukwama kwake kwa kawaida ni kasha lisilobana hadi mwisho au midomo ya kasha iliyopinda. Unalichomoa, unatia jingine. Lakini BLR usiifungue mwenyewe: gia zikirudishwa zikiwa zimeruka jino moja, bunduki haifungi. Kiwanda chenyewe hakitaki mwenye bunduki aifikie huko.

Kwa .45-70, Marlin 1895 na zile 1886 mpya zote zinalisha vizuri mradi risasi isizidi milimita 64.8. Wanaojitengenezea wenyewe risasi nzito zenye vichwa virefu hulalamika sana, na lawama ni ya risasi.

Mkono wako

Kukwama kwingi ninakokuona uwanjani hakutokani na chuma. Mtu anakoki nusu. Kulungu ametokea, mpigaji anaogopa kelele, anasukuma wenzo polepole na kuurudisha kabla haujagonga mwisho. Kinyanyuzi hakijapanda, ganda halijatoka, na bunduki yoyote kati ya hizi itafunga. Wenzo husukumwa hadi usikie chuma kikigonga chuma, kisha hurudishwa kwa nguvu ile ile.

Mafuta nayo. Bomba halitaki mafuta mengi, maana hushika vumbi na springi inakokota. Kwenye baridi ya Minnesota au Maine, grisi nzito huganda na risasi hazisukumwi kwa wakati. Futa kavu, paka mafuta mepesi kidogo tu. Na wanaojitengenezea risasi nyumbani wabane mdomo wa ganda vizuri kwenye mfereji wa kichwa, la sivyo springi na mtikiso vitarudisha kichwa ndani, risasi ifupike, na turudi kule kwa .38.

Ukiikuta ya mtumba

Nenda na risasi bandia zisizo na baruti wala fataki hai, za kaliba hiyo, zenye umbo utakalotumia kweli. Omba ruhusa, hakikisha bunduki ni tupu, jaza bomba lote, kisha koki mara ya kwanza polepole sana ukitazama kinyanyuzi, mara ya pili kwa nguvu. Tatizo la wakati hujitokeza kwenye polepole, la springi hujitokeza kwenye kasi. Pitisha vidole kwenye bomba lote kwa nje. Kibonyeo kidogo tu kinatosha kusimamisha risasi. Kwenye Marlin tazama mtaro kwenye kinyanyuzi, kwenye Rossi skrubu za reli, kwenye 94 namba ya bunduki inayoonyesha mwaka. Vichwa vya skrubu vilivyochakaa vinakwambia kuna mtu amekuwa akiifungua mara nyingi, na hakuwa akiifungua kwa kuipenda. Muuzaji akikataa risasi bandia zipitishwe, mwachie bunduki yake.